Maswali ya Wasomaji: Ealing, Studio Ndogo Iliyotuma Kamera hadi Zanzibar

Tangu tulipoitaja studio ya filamu ya Ealing ya London katika makala yetu ya majumba ya senema ya Unguja, barua zimemiminika. Nyingi zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali, kwa hiyo tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, hasa vijana wanaotengeneza picha wenyewe.

Assalaamu alaykum wahariri. Marehemu babu alikuwa akisema Waingereza waliwahi kutengeneza picha ya rangi yenye jina la Zanzibar, mna majahazi na pembe za ndovu. Nikitafuta kwenye intaneti naletewa picha ya mwaka 1928, nyeusi na nyeupe, isiyo na maneno. Babu alichanganya mambo?
*Msomaji, Kikwajuni*

Waalaykumu ssalaam. Babu alisema kweli. Zipo picha mbili zenye jina moja, *West of Zanzibar*, na hazina udugu wowote. Ile ya 1928 ni ya Marekani, ya kampuni ya MGM. Aliiongoza Tod Browning, na Lon Chaney akaigiza mfanya mazingaombwe aliyepooza miguu. Afrika inayoonekana mle ilijengwa studioni California.

Ya babu ni ya 1954, ya Ealing, na mwongozaji wake ni Harry Watt. Anthony Steel ni Bob Payton, mlinzi wa wanyamapori anayewaandama wafanya magendo ya pembe kutoka bara hadi pwani, na Sheila Sim ni mkewe. Ni mwendelezo wa *Where No Vultures Fly* ya 1951, ambayo hadithi yake ilitokana na kazi ya Mervyn Cowie, mwasisi wa hifadhi za taifa za Kenya. Ukiwa na nakala mkononi, huna haja ya kusoma jalada: ikiwa na rangi na watu wanasema, na mwanzoni limeandikwa jina la Michael Balcon, mkuu wa Ealing, ndiyo hiyo.

Kuna jambo la kiufundi ambalo watazamaji wa leo hawalioni. Afrika Mashariki haikuwa na maabara ya kusafishia filamu ya Technicolor, yaani filamu ya rangi iliyotumika. Maabara ilikuwa West Drayton, nje kidogo ya London. Kila mkanda uliopigwa huku ulipaswa kusafirishwa kwanza, na habari ya kuwa umefaa au umeharibika ikarudi siku kadhaa baadaye, pengine waigizaji wameshaondoka mahali pale. Punje moja ya mchanga ikinasa kwenye lango la kamera, pale filamu inapopita mbele ya lenzi, huchora mkwaruzo mrefu wima kwenye mkanda mzima. Ndiyo maana wapiga picha wa zama zile walifungua na kukagua lango kila baada ya pigo zuri, kabla hawajaruhusu mtu kusogea. Pwani, penye upepo wa kusi na chumvi, kazi hiyo ilikuwa ngumu maradufu.

Tuseme wazi pia lisilotupendeza. Katika picha hiyo busara yote imewekwa kinywani mwa Mzungu, na Unguja imefanywa maficho ya magendo. Hata wazee wa Kiafrika wenye maneno mengi waliigizwa na watu wa kutoka mbali: Edric Connor alizaliwa Trinidad, Orlando Martins alizaliwa Lagos. Hata hivyo itizameni. Mna majahazi ya kweli yenye matanga ya kweli, na kumbukumbu ya namna hiyo, yenye rangi, ya miaka ile haipatikani kwa urahisi.

Hiyo Ealing ilianza lini na nani aliianzisha? Mwalimu wetu wa skuli anasema ndiyo studio kongwe kuliko zote duniani.
*Mwanafunzi, Mkoani*

Mwalimu wako hayuko mbali na ukweli. Ealing ni mtaa wa magharibi ya London, na picha zimetengenezwa mahali pale tangu 1902, aliponunua nyumba na bustani Will Barker. Ndiyo maana huhesabiwa kuwa studio yenye umri mrefu kuliko zote duniani miongoni mwa zile ambazo bado zinafanya kazi hiyohiyo.

Wakati wa Barker filamu ilikuwa nzito kushika mwanga, na taa za umeme hazikutosha. Akajenga mabanda ya vioo ili jua liingie lakini mvua na upepo visiingie. Barker alijua biashara. Mwaka 1911 alimlipa Herbert Beerbohm Tree, mwigizaji mkubwa wa jukwaani, pauni 1,000 kwa kazi ya siku moja tu, ya kuigiza sehemu za mchezo wa Shakespeare juu ya Mfalme Henry wa Nane. Nakala zikaonyeshwa kwa wiki chache, kisha akazikusanya na kuzichoma moto ili watu wajue hawatapata nafasi nyingine. Kwa biashara ilikuwa hila nzuri. Kwa sisi tunaopenda kumbukumbu ni hasara isiyolipika, kwani picha ile haipo tena.

Sauti ilipoingia, vioo vikawa balaa: kioo hupitisha kelele za mtaani na hurudisha mwangwi ndani. Mwaka 1931 Basil Dean na kampuni yake, Associated Talking Pictures, wakajenga hapohapo mabanda mapya yasiyo na madirisha, yaliyokusudiwa tangu msingi kwa picha za maneno. Fedha zililetwa zaidi na vichekesho vya waimbaji wawili waliopendwa na watu wa kawaida, Gracie Fields na George Formby.

Mwaka 1938 Dean aliondoka, akaja Michael Balcon, na hapo ndipo jina la Ealing likawa kubwa. Balcon hakuajiri watu kwa picha moja moja. Waongozaji, waandishi, wapiga picha na wahariri walikuwa wafanyakazi wa kudumu wenye mshahara, na walikaa meza moja ya duara kujadili kila hadithi kabla haijapigwa. Alimchukua Harry Watt na Alberto Cavalcanti kutoka kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza, watu waliozoea kupiga picha za kazi na maisha ya kweli. Mhariri aliyeonyesha kipaji alipandishwa kuwa mwongozaji. Ndivyo alivyopanda Charles Crichton, na Robert Hamer vilevile. Chini ya Balcon zilitoka karibu picha mia moja. Vichekesho vyao maarufu vilianza mwaka 1947 na *Hue and Cry*, na mwaka 1949 peke yake vilitoka vitatu ambavyo bado vinaonyeshwa hadi leo.

Nasikia majengo ya Ealing yaliuzwa. Ikiwa mambo yalikuwa mazuri hivyo, kwa nini waliuza?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Kwa sababu mishahara hulipwa kila mwezi, na picha hurudisha fedha baada ya mwaka au miwili, zikirudisha. Ealing haikuwa na majumba yake ya senema. Tangu 1944 ilitegemea kampuni ya Rank kusambaza picha zake na kutoa sehemu ya mtaji. Mapatano hayo yalimwachia Balcon uhuru wa kuchagua hadithi, lakini mlango wa kufikia watazamaji ulikuwa mkononi mwa mwengine. Halafu mfadhili wake wa siku nyingi, tajiri Stephen Courtauld, akahamia Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Studio ikabaki na madeni na mabanda yanayokula fedha hata siku isiyopigwa picha.

Mwaka 1955 majengo yakauzwa kwa BBC, iliyoyahitaji kwa televisheni. Balcon aliacha ukutani kibao kinachosema kwamba hapa, kwa robo karne, zilitengenezwa picha nyingi zilizoonyesha Uingereza na tabia ya Waingereza. Yeye na baadhi ya watu wake wakahamia kwenye studio ya MGM huko Borehamwood, wakaendelea miaka michache chini ya jina lilelile, na picha yao ya mwisho ilitoka 1959, nayo iliongozwa na Harry Watt.

Kwa maoni yetu kosa halikuwa kuuza majengo. Waliohamia Borehamwood walikuwa wapangaji ndani ya studio kubwa ya watu wengine, na ile hali ya fundi seremala, mwandishi na mwongozaji kupishana mlangoni kila siku ikavunjika. Mabanda yangeweza kujengwa kwengine. Kundi lile halikuweza.

Je, ipo bado?
*Msomaji, Jambiani*

Ipo, palepale. BBC ilitoka miaka ya 1990, studio ikapita kwenye mikono kadhaa, na tangu 2000 wamiliki wapya wameirudisha kwenye kazi ya picha. Jikoni na vyumba vya watumishi katika tamthilia ya *Downton Abbey* vilijengwa ndani ya mabanda yale. Skuli ya filamu nayo imo ndani ya eneo hilo.

Nimeona picha ya zamani ambamo mtu mmoja amekaa kanisani mara sita, kila mara na sura nyingine, wote pamoja. Bila kompyuta walifanyaje? Na sisi kwa simu tunaweza?
*Kikundi cha maigizo, Wete*

Hiyo ni *Kind Hearts and Coronets* ya Ealing, ya 1949, mwongozaji Robert Hamer. Alec Guinness aliigiza watu wanane wa ukoo mmoja, na katika pigo moja sita kati yao wanaonekana pamoja. Mpiga picha alikuwa Douglas Slocombe.

Kamera ilifungwa kabisa isitikisike. Mbele ya lenzi paliwekwa kificho cheusi chenye sehemu zinazofunguka moja moja. Guinness akakaa mahali pa kwanza, sehemu yake ikafunguliwa, nyengine zote zikabaki gizani, akapigwa. Kisha filamu ikarudishwa nyuma ndani ya kamera, fremu kwa fremu, hadi ilipoanzia. Sehemu ya kwanza ikafunikwa na ya pili ikafunguliwa, Guinness akiwa amekwisha kubadilishwa nguo, nywele na uso. Hivyo hadi wa sita, juu ya mkanda uleule. Kosa la mtu wa sita lingeharibu kazi ya watano waliotangulia. Kwa sababu mapambo ya uso yalichukua saa nyingi, kazi haikumalizika siku moja, na Slocombe alilala usiku studioni kando ya kamera asije mtu akaigusa.

Kwa simu ni rahisi zaidi, kwani kila mtu mnampiga kwa faili lake na kuunganisha kwenye programu ya kuhariri. Ila sheria ni zilezile:

Fungeni stendi kwa mfuko wa mchanga usiopungua kilo 5, na simu isiguswe tena; anzisheni kwa saa ya kuhesabu au kwa rimoti. Fungieni mwanga, fokasi na rangi. Mkiziacha zijirekebishe zenyewe, kila kipande kitatoka na weupe wake na mshono utaonekana. Pigeni kwa taa, madirisha yakiwa yamezibwa, maana jua husogea na vivuli vyake husogea nalo. Wekeni alama sakafuni ya mpaka wa kila mtu, na acheni baina yao nafasi ya upana wa kiganja. Mwisho, pigeni sekunde 10 za viti vitupu.

Kinachoharibu mara nyingi si kamera. Ni kivuli cha mkono kuvuka mpaka na kukatika ghafla kama kimekatwa kwa kisu. La pili ni macho: mtu wa tatu anatakiwa amwangalie wa nne ambaye hayupo, basi bandikeni karatasi kwenye urefu wa uso wake. Hesabuni kwa sauti ili wote wageuke kwa wakati mmoja, kisha iondoeni sauti hiyo.

Tuna makopo manne ya filamu ya marehemu mjomba aliyekuwa mwendesha mashine ya senema. Mawili yananuka siki. Mama anaogopa yatalipuka.
*Msomaji, Malindi*

Mpe pole mama, hofu yake ina asili. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi za milimita 35, za Ealing zikiwemo, zilitengenezwa kwa nitrati. Nitrati huwaka kwa kasi, na kwa kuwa hujitengenezea hewa yake ya kuunguzia, maji hayaizimi. Ikishaoza, joto la nyuzi 40 tu laweza kuiwasha yenyewe. Chini ya paa la mabati hapa kwetu joto hilo si geni.

Lakini harufu ya siki ni dalili ya asetati, filamu iliyoitwa salama, nayo hailipuki. Hakikisheni hivi: nyoosheni futi mbili za mwanzo na msome maandishi madogo ya pembeni, yatasema NITRATE au SAFETY. Pimeni na upana. Ikiwa ni milimita 16, basi karibu hakika ni salama. Nitrati iliyooza hunata, hutoa povu, au hugeuka unga wa hudhurungi. Mkiona hivyo, pelekeni kopo nje kivulini, mbali na jiko na sigara, na muwaarifu zimamoto. Msijaribu kabisa kuchoma kipande ili kupima.

Yale mawili yanayonuka tengeni na mengine, maana mvuke wa siki huambukiza. Msifunge makopo yasiingie hewa. Wekeni mahali pa baridi na pakavu kadiri mnavyoweza. Kumbukumbu za filamu hutaka unyevu wa asilimia 30 hadi 50, na wetu mara nyingi hupita 75. Msiyaendeshe kwenye mashine ya zamani kujaribu. Filamu iliyosinyaa hata kwa asilimia moja, matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, nayo itachanika. Nendeni kwanza Nyaraka za Taifa, Kilimani, muulize ushauri. Na mkitaka kukadiria mnacho kiasi gani: filamu ya milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, kwa hiyo gurudumu la futi 1,000 ni dakika 11 na kidogo.

Tumepewa ghala la zamani la karafuu, mita 8 kwa 12, ukuta wa mawe, paa la mabati. Tunataka liwe studio ndogo ya tamthilia. Fedha ni chache. Tuanze wapi?
*Vijana wa Chake Chake*

Anzeni pale alipoanzia Basil Dean mwaka 1931: kimya kwanza, mwanga baadaye. Taa zikiwa mbaya leo, mtaazima nzuri kesho, lakini chumba chenye kelele kitaharibu kila mtakachopiga.

Mna bahati ya ukuta. Mawe na chokaa vyenye unene wa nusu mita huzuia sauti vizuri kuliko matofali mengi ya kisasa. Adui yenu ni paa, mlango na matundu. Wakati wa masika mabati hupiga ngoma hata mtu asisikie anachosema mwenzake. Tundikeni dari chini yake, tabaka mbili za bodi za jipsamu za milimita 12, viungo vya tabaka la pili visiwe juu ya viungo vya la kwanza, na juu yake mjaze pamba ya miamba ya sentimita 10. Acheni dari ining'inie kwenye vishikio vyenye mpira, isikaze moja kwa moja kwenye boriti, la sivyo mtetemo wa mabati utashuka nao. Kimo kibaki mita 4 au zaidi, maana taa lazima zikae juu ya fremu. Kama kimo hakitoshi, afadhali kupunguza tamaa ya dari nene kuliko kupunguza kimo.

Mlango uwe wa mbao nzito, na mzibe kwa ukanda wa mpira pande zote nne, pamoja na chini. Watu hutumia fedha nyingi kwenye ukuta wakaacha upenyo wa sentimita moja chini ya mlango, na kelele zote zikapita hapo.

Kuzuia kelele za nje na kuua mwangwi wa ndani ni kazi mbili tofauti. Vitu laini vinaua mwangwi tu. Hapa nyinyi mna mali karibu: usumba. Tengenezeni fremu za mbao za mita 1 kwa 2, mjaze usumba wa sentimita 8, mfunike kwa kitambaa kizito, mzitundike zikiwa na nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani. Anzeni na fremu 12. Pigeni kofi katikati ya chumba. Mkisikia mlio wa pili, ongezeni. Usumba huwaka, kwa hiyo taa zikae mbali nao nusu mita au zaidi. Magodoro ya sponji msitumie kabisa, maana moshi wake unaua kabla moto haujafika. Na mlango wa pili wa kutokea uwepo, usifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani.

Mwigizaji akae mita 2 mbele ya pazia la nyuma, na kamera mita 3 hadi 4 mbele yake. Kwenye mita 12 mtabaki na nafasi ya nguo na vyombo. Kwa taa, tatu za LED za wati 200 kila moja zinatosha kuanzia. Zote pamoja zitakuwa chini ya kilowati moja, ambapo taa moja kubwa ya umeme ya vijiti vya makaa ya studio za zamani ilikula zaidi ya kilowati 25.

Feni na kiyoyozi vizimwe wakati wa kupiga, kwa hiyo pangeni vipindi vya dakika 10 na mapumziko. Wekeni kengele na taa nyekundu nje: mlio mmoja, kimya, miwili, kazi imekatika. Ratiba ya siku ifuate nyakati za sala, watu wakaswali na kipaza sauti cha msikiti kisiingie kwenye mazungumzo. Jenereta liwe mita 40 nyuma ya ukuta. Kwenye uwanja wa wazi, kila umbali ukizidishwa mara mbili kelele hupungua desibeli 6, kwa hiyo kulitoa mita 10 hadi 40 kunawapa desibeli 12 bila ya gharama isipokuwa waya, na waya huo uwe mnene wa kutosha, usipashe moto.